Darasa la Jumamosi kwa familia zenye mtu aliyebadilika, Malindi: nyota 4 kati ya 5

Wiki iliyopita nimemaliza Jumamosi zote sita za hili darasa la familia ambazo ndugu yao amemezwa na kundi lenye misimamo mikali ya dini, na nilikuwa nimewaahidi watu ntaandika ilivyokuwa, kwa hivo haya. Jina la wanaoendesha sitaliandika, wenyewe waliomba, manake anayeingia pale huwa amebeba siri ya nyumbani kwake na hataki kesho jirani amwambie nilikuona ukiingia kule. Mie nilielekezwa na muuguzi wa zahanati tulipompeleka mama kupima presha.

Ni bure. Chai unatoa hamsini ukiwa nayo, na usipokuwa nayo hakuna anayekuangalia, mahamri na mbaazi utakula tu kama wengine. Kunaanza saa nane mchana hadi saa kumi na moja, ukumbi wa mabati wa kukodi, feni moja, joto hilo sitawadanganya. Anayeongoza ni mwalimu mstaafu, kuna muuguzi wa ushauri nasaha tuliyekuwa tukimwita sista, kuna ustadh na kuna pasta, na hao wawili wanakaa benchi moja na sijawaskia hata siku moja wakivutana. Tulianza watu 23, wanaume wanne tu.

Kilichonipeleka ni mdogo wangu. Alikuwa weita kwenye hoteli moja ya ufuoni miaka saba. Machi 2020 corona ilipoingia wageni wakaisha, wakaambiwa nendeni nyumbani tutawapigia. Hakufutwa, na hilo ndo lililommaliza, manake angefutwa angelia siku tatu kisha akatafuta kingine, lakini aliachwa hapo katikati, si mfanyakazi si msaka kazi, na kila Jumapili usiku anapiga pasi lile shati lake jeupe la kazi kwa kuwa huenda Jumatatu simu ikalia. Miezi kumi na moja hivo. Namuona mpaka leo ameinama na ile pasi ya makaa. Watu wakimuuliza siku hizi uko wapi hakuwa na jibu, akaanza kupita njia za nyuma asikutane na mtu. Mchumba wake alingoja, akachoka, akaolewa Mtwapa.

Halafu mtu akamuingiza kwenye grupu ya maombi ya WhatsApp. Si ya yule Mackenzie wa Shakahola, ule msitu ambako wafuasi wake walifunga kula mpaka wakafa, ni mhubiri mwingine asiye na jina kubwa, anatuma sauti tu usiku. Kule alipewa kila kitu. Kuamka saa tisa usiku kuomba, kula mara moja kwa siku saa kumi jioni, nguo za kuvaa, salamu ya kutoa na nani wa kumpa, nani wa kumkwepa. Na akapewa jibu la hoteli pia, kwamba haikufungwa na corona, ilifungwa kwa sababu dunia yenyewe inafungwa na saa imekaribia. Yaani kile kitu ambacho meneja, serikali na sisi nyumbani hatukuweza kumwambia miezi kumi na moja, mtu asiyemjua alimwambia kwa sauti ya dakika nne.

Na hapa nataka mzazi asome polepole. Mdogo wangu hakuwa na hasira. Alitulia. Alianza kulala, akaacha kutafuna muguka, akaacha kugombana na mama, akawa anaamka mapema anafagia uwanja. Mama alipeleka sadaka ya shukrani kanisani. Sote tulifurahi, mie mwenyewe nilimnunulia Biblia mpya. Tulikuwa tumeambiwa kila mahali, redioni na kwenye baraza la chifu, muangalieni kijana mwenye hasira, kijana aliyejitenga, kijana anayelaumu serikali, hakuna aliyewahi kutuambia tumuangalie kijana aliyekuwa akihangaika kisha ghafla akapata amani yote kwa mpigo. Nilipolisema hili darasani akina mama watano sita walipiga kofi kwenye mapaja, kumbe na wao ni hivohivo, wengine watoto wao Waislamu, wengine Wakristo, njia ileile.

Tulianza kuogopa alipochoma vyeti vyake vya hoteli, kisha akaacha dawa ya pumu, kisha akamwambia mtoto wa dada yetu wa miaka tisa kwamba shule ni ya shetani.

Aprili 2023 miili ilipoanza kufukuliwa Shakahola mochwari ya hospitali ya Malindi ilijaa, Msalaba Mwekundu wakaweka meza pale ya kuandikisha waliopotea, na mama alienda akasimama akaangalia ile foleni ya watu wenye picha za ndugu zao mkononi, akarudi nyumbani hakuongea mpaka kesho yake. Tulidhani basi, sasa huyu kijana ataona kwa macho. Akanijibu kwa upole kabisa, dada, yule alikuwa wa uongo, sisi tuko kwenye kweli.

Sasa darasa lenyewe. Jumamosi ya kwanza sikuipenda na nusura nisirudi. Ilikuwa picha za ukutani zenye maneno makubwa, itikadi kali, misimamo mikali, viashiria vya awali, mashine ikakataa dakika arobaini nzima, na mwalimu akawa anasoma kutoka kwenye karatasi. Mama mmoja nyuma yangu alilala.

Ya pili ndo iliyoninasa. Sista aligawa vikaratasi akasema kila mtu aandike jambo moja la maisha yake asilojua litaishaje, usimuonyeshe mtu, likunje, lishike kwenye kiganja mpaka nikuambie. Tukakaa hivo saa nzima na zaidi huku masomo yakiendelea. Utafikiri ni mchezo, lakini baada ya nusu saa kiganja kinatoa jasho, unawaza kile kikaratasi tu, hata maneno ya mwalimu huyaskii vizuri. Kisha akauliza, sasa hivi akiingia mtu mlangoni akakuambia mie najua jibu la hicho ulichoshika, na tarehe, na saa, utamuuliza cheti chake? Hakuna aliyejibu. Mie nilijua singemuuliza.

Hapo mwalimu akaelezea, na safari hii bila karatasi. Kuna msomi wa saikolojia, Michael Hogg, wa chuo cha Claremont kule California, ambaye ameifanyia kazi miaka mingi hii habari ya mtu kutojua yeye ni nani na anaelekea wapi. Anachosema ni kwamba ile sintofahamu huuma, na dawa ya haraka ya maumivu hayo ni kuwa mtu wa kundi fulani, kwa kuwa kundi linakupa jina, linakupa la kufanya asubuhi, linakuonyesha adui. Ila si kundi lolote. Kwaya ni kundi, chama cha akina mama ni kundi, timu ya mpira pia, lakini huko watu hubishana, hutaniana, mwenyekiti hupingwa, na mtu aliyeumia sana hayo yote huyaona malegevu, yeye anatafuta lenye ukuta mrefu, mkubwa mmoja, sauti moja, wa ndani anajulikana na wa nje anajulikana. Mfa maji hachagui cha kushika. Mwingine anaitwa Arie Kruglanski, wa chuo kikuu cha Maryland, yeye kazungumzia ile kiu ya kutaka jambo lifungwe, lolote liwalo, ilmradi lisibaki wazi. Nilimkumbuka mdogo wangu na pasi yake.

Pasta alituchambulia Shakahola kwa namna ambayo sikuwahi kuiskia kwenye taarifa ya habari. Alituambia acheni kwanza habari ya kufunga kula, angalieni watu walipewa nini kabla ya hapo. Mackenzie alikuwa dereva wa teksi kabla hajawa mhubiri, hana chuo cha dini alichotoka. Mwaka 2019 watu wamechanganyikiwa na Huduma Namba, ile namba mpya ya usajili ya serikali, hakuna anayejua ni ya nini hasa, yeye akawaambia hiyo ni alama ya mnyama. Corona ikaja, hata madaktari wanasema bado tunachunguza, yeye hakuwa anachunguza, alijua tayari. Kule msituni watu wakagawiwa viwanja, vijiji vikapewa majina ya kwenye Biblia, Nazareti, Bethlehemu, na kwa maelezo ya walionusurika hata kufa kulikuwa na zamu, watoto kwanza, kisha vijana wasiooa, kisha wanawake, wanaume, viongozi mwisho. Kufa kwa ratiba. Miili zaidi ya 400 ilifukuliwa. Mackenzie amekana mashtaka. Pasta alipofika kwenye ile zamu ya watoto sauti ilimkatika, tukatoka nje tukapunga upepo kidogo.

Nilimuuliza mbona baada ya yote yale wa kwetu hakushtuka. Akanipa mfano wa Kanungu, Uganda, lile kundi la dini la akina Kibwetere na Credonia Mwerinde lililofundisha dunia itaisha mwisho wa 1999. Haikuisha. Ungedhani tarehe 1 Januari kila mtu angebeba mkeka wake arudi kwao, lakini wengi walikuwa wameshauza mali wakakabidhi kundi, kurudi ni kurudi kwenye kitu gani? Tarehe 17 Machi 2000 kanisa likaungua na mamia ya watu ndani. Utabiri ukianguka, alisema pasta, unamrudisha mtu kwenye lile giza alilolikimbia, tena safari hii hana hata shamba, kwa hivo usitegemee ukweli peke yake umtoe. Hilo lilinisaidia. Nilikuwa nimemkasirikia sana.

Na ile ya kusema ni umaskini tu ilivunjwa na ustadh. Mmoja wa wale wanne wa Al-Shabaab walioshambulia chuo kikuu cha Garissa tarehe 2 Aprili 2015, wakauawa watu 148, alikuwa amehitimu sheria Nairobi, mtoto wa chifu wa Mandera, na baba alikuwa ameshatoa taarifa kwamba kijana hajulikani alipo. Kwa hivo tafadhali tuache kudhani mwenye digrii yuko salama.

Jumamosi ya tatu sitaisahau na ndo iliyowakosesha nyota moja. Tulipoingia kuna fomu mpya mlangoni, jina, namba ya kitambulisho, namba ya simu, jina la "mhusika". Na nyuma amekaa mtu hatumjui, shati limechomekewa, viatu vyeusi, anaandika. Baadaye tukaambiwa ni afisa amekuja kujifunza. Hakuna aliyetutaka idhini.

Siku hiyohiyo ndo mama mmoja wa Kisauni alikuwa amepangiwa kusimulia. Kijana wake alichukuliwa 2014, mwaka ule polisi walipofanya msako kwenye msikiti wa Masjid Musa, Mombasa, akakaa ndani siku kadhaa akaachiliwa bila shtaka, bila kuambiwa kosa ni lipi na kama watakuja tena. Mama anasema tangu hapo gari ikipita usiku kijana anakaa kitandani wima. Miezi mitatu baadaye akaondoka, akapiga simu mara moja, namba ya Somalia. Mwaka 2015 baada ya Garissa serikali ilitangaza msamaha wa siku kumi kwa wanaotaka kurudi, mama akalala na simu kifuani siku zote kumi. Haikulia. Hajui yuko hai au la mpaka leo. Akamgeukia yule wa nyuma, hakupandisha sauti hata kidogo, akasema, baba, mie mwenyewe nilivo mtu mzima, akitokea mtu sasa hivi akaniambia najua mwanao alipo, ntamfuata popote anipeleke na sitamuuliza ni nani.

Ukumbi ulinyamaza. Mwalimu, nampa heshima yake kwa hili, hakubadilisha mada. Alisimama akasema kuna utafiti wa UNDP, lile shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa, wa 2017, walihoji watu karibu 500 Afrika waliowahi kujiunga na makundi haya kwa hiari, na asilimia 71 walisema kilichowasukuma mwisho kabisa ni jambo lililofanywa na serikali, mathalani ndugu au rafiki kuuawa au kukamatwa. Alilisema akimuangalia yule afisa usoni. Afisa aliacha kuandika.

Lakini madhara yalishafanyika. Jumamosi ya nne tulikuwa kumi na mmoja. Yule mama wa Kisauni hakurudi tena na naomba Mungu awe salama. Waendeshaji waliomba radhi, wakachana fomu mbele yetu na kusema hakuna mgeni tena bila sisi kukubali, ila mtu aliyekuwa amekuja mara moja kwa woga akaikuta ile fomu hamtampata mara ya pili. Hili lazima walijue. Unafungua mahali pa watu waliojeruhiwa na kutojua nani anawaandika, halafu unawaandika.

Makosa mengine ni madogo. Namba ya simu ya dharura haishikwi usiku, na shida zetu zote huanza usiku. Hakuna pa kuacha watoto. Wanaume ni wachache mno, baba zetu wanasubiri nini sijui.

Jumamosi ya nne na ya tano ni za nini cha kufanya, na hapa ndo pesa yao ingekuwepo kama wangetoza. Sista alitukataza kubishana aya. Ukimletea aya yeye anazo kumi, na kila mkibishana ukuta unaongezeka tofali. Pia alitukataza kumpa majibu ya uongo ya kumtuliza, usijali kila kitu kitakuwa sawa, manake hilo ni jibu la haraka kama la mhubiri wake, tofauti ni kwamba la mhubiri lina tarehe. Alisema mwambie ukweli wa kile ambacho wewe mwenyewe hukijui. Nilimuona kama mtu asiyejua ninachopitia, lakini nilijaribu. Jioni moja mdogo wangu amekaa kizingitini nikamwambia, unajua mie sijui kama hiki kibanda changu cha kushona kitafika Desemba, kodi imepanda na vitambaa vimepanda, usiku huwa silali. Akanigeukia. Akasema, wewe dada? Tangu 2021 hakuwahi kuniuliza kitu kuhusu mimi. Kumbe muda wote alidhani sote tunajua tunakoenda, kwamba ni yeye tu aliyeachwa gizani.

Na la pili, hili nalitoa kama zawadi kwa atakayesoma. Sista alisema kuna sintofahamu ya Mungu na kuna sintofahamu ya ofisi. Ya Mungu kaeni nayo pamoja. Ya ofisi, nendeni mkaulize. Hebu angalieni mtu wenu alipoanza kuzama, kuna swali gani alilokuwa nalo ambalo mtu fulani mwenye meza na muhuri angeweza kulijibu?

Tukaenda hotelini, mie na yeye, kwa tuktuk. Tulikaa kwenye kiti cha mbao dakika arobaini. Dada wa ofisi akafungua faili akatoa barua, imeandikwa kwa jina lake, inasema ajira yake imesitishwa, tarehe ya Juni 2020. Ilikuwa humo kwenye faili muda wote huo. Hakuna aliyempigia simu. Alipewa kwa dakika tano, akasaini daftari. Tulipotoka alivuka barabara akakaa kwenye ukuta mfupi wa ng'ambo akailia ile barua kama mtu aliyefiwa, mie nimesimama na mkoba wangu sijui niseme nini, na nilinyamaza kama nilivyofundishwa. Alipomaliza akasema, dada, kumbe nilifutwa. Nikamwambia ndiyo. Akasema, mbona hawakusema.

Sitaki mtu afikiri ameshatoka. Bado yuko kwenye ile grupu. Bado Jumatano hali mchana. Lakini dawa ya pumu ameanza tena, na saa tisa usiku siku nyingi namskia anakoroma. Kila Jumapili saa saba anakuja kula kwa mama, hiyo ni saa tuliyoweka na hatuivunji hata mvua inyeshe, hilo pia ni la darasani, kwamba mtu aliyezoea ratiba ya kundi usimuache bila ratiba yoyote, mpe hata ndogo yenye samaki.

Kwa hivo nyota nne. Awamu nyingine inaanza mwezi ujao, beba maji yako na leso ya jasho, ukikuta ile ya kwanza inachosha vumilia ufike ya pili.

Jumamosi ya mwisho alikuja kunichukua na pikipiki ya rafiki yake. Alisimama mbali kidogo na mlango, anawaangalia wale akina mama wakitoka. Tulipokuwa tunaondoka akaniuliza kama wanaokuja pale ni familia tu au hata mtu mwenyewe anaruhusiwa. Nikamwambia sijui, ntampigia sista Jumatatu nimuulize. Akasema sawa, akawasha.